Mkuu wa Makazi: Historia ya Cheo Kimoja Katika Ngara na Biharamulo

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliikumbusha methali hii mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa, na tangu hapo imesomwa mara nyingi kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ikitazamwa vema, methali hii yabeba wajibu wa watu wawili. Mgeni ameamriwa kulima. Mwenyeji naye ameamriwa kuwa na jembe la kumpa, na mahali pa kulipiga. Mwenyeji asiyetoa jembe hana haki ya kumlaumu mgeni kwa kukaa kitako.

Mgeni akiwa mmoja, jirani mwema atosha kuutimiza wajibu huo. Wageni wakiwa maelfu, jirani hatoshi. Yapasa serikali imteue mtu na kumwambia, hawa ni juu yako. Madhumuni ya insha hii ni kueleza historia ya mtu huyo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, magharibi ya Ziwa Viktoria: jinsi cheo chake kilivyozaliwa, sheria ilimpa kazi gani, na kwa nini siku ya mzigo mkubwa kuliko yote mabega yake yalishindwa kuubeba.

Nchi yenyewe yafaa ijulikane kwanza. Ngara imekaa kwenye pembe ambapo Tanzania, Rwanda na Burundi hukutana. Mto Ruvubu huingia katika Kagera, na Kagera huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Rusumo, mahali penye daraja la kuvukia kwenda Rwanda. Wenyeji wake ni Wahangaza na Washubi, ambao lugha zao ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa chini ya Mwami wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka baina ya Waingereza na Wabelgiji ukaiacha upande wa Tanganyika. Mashariki yake ni Biharamulo, nchi ya misitu na mapori mapana, njia ya kuelekea ziwani na katikati ya nchi. Katika siku za ukoloni vibarua wa Rwanda na Burundi walipita katika wilaya hizi mwaka hata mwaka wakitafuta kazi, na baadhi yao hawakurudi. Waliobaki walipata mashamba kwa desturi ya zamani: mgeni alikuwa na mwenyeji wake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemsemea kwa wakubwa. Hapakuwa na ofisi, lakini palikuwa na mtu.

Desturi hiyo ilianza kuelemewa mwaka 1959. Machafuko ya Rwanda ya mwaka huo, na mengine yaliyofuata uhuru wa nchi ile mwaka 1962, yaliwatoa Watutsi wengi makwao. Baadhi yao walivuka Kagera wakiwa na ng'ombe wao, na katika wilaya ya Ngara wakapewa makazi ya Muyenzi. Mwaka 1964 Jamhuri ya Muungano iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na katika mwaka huohuo shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lililoundwa na Walutheri wa dunia, lilianza kazi nchini. Tangu hapo makazi ya wakimbizi yakaendeshwa na washirika watatu: serikali ilitoa ardhi na amri, Umoja wa Mataifa ulitoa fedha, na shirika lile lilitoa mafundi wa visima, barabara na kilimo. Ushirika huu wa mafiga matatu ukawa mtindo wa Tanzania kwa muda mrefu.

Lakini chungu cha mafiga matatu chahitaji mpishi mmoja. Ndipo ilipotungwa Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965. Sheria hiyo iliruhusu ateuliwe ofisa wa kusimamia kila makazi, aliyejulikana kwa jina la Mkuu wa Makazi. Yeye alitoa amri za utaratibu, na kuzivunja lilikuwa kosa. Mkimbizi angeweza kuamriwa kukaa ndani ya eneo lililotajwa, na kutoka bila ya ruhusa kulikuwa na adhabu. Hata mifugo na magari aliyovuka nayo yaliwekwa chini ya mamlaka ya serikali.

Msomaji asifanye haraka kuhukumu. Dola ile ilikuwa changa. Wakimbizi wenye silaha walikuwa wameishambulia Rwanda kutoka nje, na serikali iliogopa ardhi yake isifanywe uwanja wa vita vya watu wengine. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 nao ulitia mkazo huo, ukataka wakimbizi wakalishwe mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyoikimbia, na wasiishambulie. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Hata hivyo, jina la sheria lilisema kweli yake: lilitaja kudhibiti, na kutunza halikulitaja. Katika Ulaya cheo cha namna hii kilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa lilipomteua Fridtjof Nansen wa Norwei kuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, kazi yake ilikuwa kuwasemea watu waliopoteza dola, na mwaka uliofuata akawapatia hati ya kusafiria iliyoitwa kwa jina lake. Cheo cha Nansen kilianza kwa kumfungulia mkimbizi njia. Cha Mkuu wa Makazi kilianza kwa kumwekea ua.

Hivyo Mkuu wa Makazi alivaa kanzu moja yenye mifuko miwili. Katika mmoja mlikuwa na daftari la mashamba, mbegu na shule; katika wa pili mlikuwa na hati za ruhusa na amri za kukamata. Wageni walipokuwa wachache na ardhi ikawa tele, mfuko wa kwanza ndio uliotumika zaidi. Wakimbizi walipewa mashamba, wakalima, wakalipa kodi. Mwaka 1980 serikali ilikubali kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000, jambo ambalo lilikuwa nadra katika Afrika, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen. Methali ilikuwa imetimizwa: jembe lilitolewa, na aliyelipokea akawa mwananchi.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari ya Watutsi yalikuwa yameanza Rwanda mwezi wa Aprili. Jeshi la waasi lilipokaribia mpaka wa mashariki, tarehe 28 na 29 za mwezi huo watu wapatao 250,000, wengi wao Wahutu, walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa ishirini na nne hivi. Sensa ya mwaka 1988 ilikuwa imehesabu watu wapatao 160,000 katika wilaya nzima ya Ngara. Kwa usiku na mchana mmoja wageni wakawazidi wenyeji. Walikusanyika Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa usio na nyumba hata moja ya mawe.

Katika mji huo Mkuu alitawala nini? Kwa sheria, kila kitu. Kwa kweli, kidogo sana. Hakuwa na askari wa kutosha, wala magari, wala chakula; vyote hivi vilikuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa na mashirika mengi ya kigeni yaliyofika kwa wakati mmoja. Na mashirika hayo, yakihitaji mtu wa kugawa chakula upesi, yaliwatumia viongozi waliovuka na watu wao, mameya wa tarafa za Rwanda, ambao baadhi yao walikuwa wamewaongoza watu hao katika kuua. Mmoja wao alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi. Mwezi wa Juni 1994, jaribio la kumwondoa kambini lilizusha ghasia za watu maelfu, hata wafanyakazi wa misaada wakahofia maisha yao. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hapa pana somo lisilopaswa kusahauliwa: mahali ambapo serikali haina mtu anayewajua wageni mmoja mmoja, mkatili atajitokeza kuwa msemaji wao. Kiti cha msemaji hakikai kitupu.

Somo la pili ni la wenyeji. Mkuu wa Makazi aliwekwa kwa ajili ya wakimbizi. Hakuna aliyewekwa kwa ajili ya wanakijiji waliowapokea. Miti ya Ngara ilikatwa kwa kuni, mashamba yaliibiwa mazao, na wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo wakawindwa kwa kitoweo. Silaha zilizovuka mpaka zilileta ujambazi, na kwa miaka mingi magari ya abiria katika barabara za Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Ni haki kusema pia kwamba kulikuwa na neema: kazi kwa vijana, soko kwa mkulima wa ndizi, barabara na visima vilivyojengwa kwa fedha za wafadhili. Radio Kwizera, ambayo jina lake lina maana ya matumaini, ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, ikadumu kuwahudumia wenyeji baada yao. Lakini mama aliyeibiwa mihogo hakujua mlango wa kubisha. Ofisi ya wilaya ilimwelekeza kambini, na kambini palikuwa mahali pa wageni. Kutoka katika pengo hilo uchungu ulikua, na uchungu huo ukageuka kuwa siasa.

Matokeo yake yalionekana upesi. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali na Umoja wa Mataifa walitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wa Rwanda wote walitazamiwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walikimbilia porini, upande wa mashariki, wakarudishwa na askari. Karibu watu laki tano wakavuka tena Rusumo kwa miguu, mvua ikiwanyeshea. Mwaka 1997 Warundi waliokuwa wakiishi vijijini, baadhi yao kwa miaka mingi, walikusanywa na kupelekwa makambini. Katika wilaya ya Ngara kambi ya Lukole ilibaki kuwa mji wa Warundi kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1998 ilitungwa Sheria mpya ya Wakimbizi. Iliweka Mkurugenzi wa Huduma kwa Wakimbizi katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na kamati ya kupima maombi ya hifadhi. Neno kudhibiti lilifutwa katika jina la sheria, lakini halikufutwa katika vifungu vyake. Mkimbizi alizuiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila ya ruhusa, na ardhi ya kulima haikutolewa kama zamani. Mkuu wa kambi akawa bawabu: mfuko wa daftari la mashamba ulikuwa mtupu, na mfuko wa hati za ruhusa ulijaa. Methali ikapinduliwa. Mgeni alikaa siku elfu, akanyimwa jembe, kisha akaitwa mvivu.

Watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba usalama wa nchi ndio wa kwanza, na kwamba ofisa wa serikali hawezi kuwa mtumishi wa mgeni na mlinzi wa mpaka kwa siku moja. Hoja hii ni nzito, nami naikubali nusu yake. Ni kweli kwamba mtu mmoja hawezi kazi hizo mbili. Na kwa hiyo yafaa zitenganishwe. Mlinzi awe mlinzi, na awepo mwingine, aliye karibu na halmashauri ya wilaya, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza mgeni na jirani wa mgeni katika baraza moja. Miji mikubwa ya mbali imepita njia hiyo. Katika New York, kura ya mwaka 2001 iliiingiza ofisi ya mambo ya wahamiaji katika katiba ya mji wenyewe, ili mhamiaji asemewe na mji anamoishi. Ngara si New York, na halmashauri zake hazina utajiri ule. Lakini Ngara ina kitu ambacho New York haina: wenyeji wanaoelewana na wageni wao bila ya mkalimani, na desturi ya kale ya mwenyeji kumsemea mgeni wake.

Historia ya Tanzania yenyewe inaonyesha jinsi cheo hiki kinavyoweza kufikia mwisho mwema. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walikalishwa Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo, wakapewa ardhi na Wakuu wa Makazi wa kuwasimamia. Zaidi ya watu 162,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, na hati zao zikaanza kutolewa mwaka 2014. Mpango wa kuwatawanya katika mikoa mingine uliachwa. Shauri likawa kuyaingiza makazi yao katika mfumo wa kawaida wa serikali za mitaa. Mtu aliyeishi miaka arobaini chini ya Mkuu aliyetumwa na wizara akapata haki ya kumchagua diwani wake.

Hapo ndipo penye kipimo cha cheo hiki. Sifa ya Mkuu wa Makazi haipimwi kwa urefu wa ua wake, wala kwa idadi ya ruhusa alizozikataa. Yapimwa kwa siku ambayo mgeni hamhitaji tena, ama kwa sababu amerudi kwao kwa hiari na amani, ama kwa sababu amekuwa jirani kama majirani wengine. Maadamu Kagera yapita baina ya nchi hizi, watu watavuka tena, upande huu au ule. Heri wakute upande wa pili mtu aliyewekwa tayari, mwenye daftari mkononi, na jembe.