Harriet Beecher Stowe na Haki ya Kusimulia Utumwa

Ni riwaya chache zilizopata kuingia katika mabishano ya taifa zima kama Uncle Tom's Cabin ya Bibi Harriet Beecher Stowe. Walakini atakaye kuipima hana budi kuuliza mambo mawili: ilifanya nini, na ilimsemea nani?

Bibi Stowe, binti wa mhubiri Lyman Beecher, alizaliwa Litchfield, Connecticut, mwaka 1811. Mwaka 1832 jamaa yake walihamia Cincinnati, ukingoni mwa mto Ohio. Ng'ambo yake ni Kentucky, iliyokuwa nchi ya utumwa. Basi kwa miaka 18 aliishi mahali ambapo mto mmoja tu ulimtenga mtu huru na mtumwa. Mwaka 1849 kipindupindu kilimwua mwanawe mchanga, Samuel Charles. Mwenyewe alieleza kwamba msiba huo ndio uliomfundisha uchungu wa mama mtumwa anyang'anywaye mtoto wake.

Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyowalazimisha hata watu wa majimbo ya kaskazini kusaidia kuwakamata watumwa watoro. Bibi Stowe akaijibu kwa hadithi. Ilianza kutoka katika gazeti la National Era mwezi wa Juni 1851, ikawa kitabu Machi 1852, na katika mwaka wa kwanza nakala zipatazo 300,000 ziliuzwa Marekani. Hoja yake kali ni hii: Tom hauzwi na bwana katili, bali na bwana mpole aliyelemewa na deni. Upole wa bwana hauzuii mnada. Watetezi wa utumwa walipomwita mwongo, alitoa kitabu cha pili mwaka 1853, akikusanya humo sheria, hukumu za mahakama na matangazo ya magazeti.

Yasemekana Rais Lincoln alimwambia kuwa yeye ndiye aliyeleta vita vya 1861. Maneno hayo hayana ushahidi wa wakati huo, wala kitabu hakileti vita peke yake. Kilichofanyika ni kwamba wasomaji wengi hawakuweza tena kulihesabu jambo la utumwa kuwa la watu wengine.

Lakini lipo deni jingine. Harriet Jacobs, aliyejificha karibu miaka 7 darini mwa nyumba ya bibi yake, alitaka msaada wa Bibi Stowe ili aandike maisha yake. Bibi Stowe akataka kuitia habari ile katika kitabu chake mwenyewe. Jacobs akakataa, akaandika kwa mkono wake, na kitabu chake kikatoka mwaka 1861. Naye Tom alitekwa na majukwaa: wazungu waliojipaka masizi walimgeuza mzee wa kujipendekeza, hata jina lake likawa tusi. Tom wa kitabuni hufa kwa mapigo kwa sababu amekataa kufichua walipojificha wanawake wawili.

Bibi Stowe alifariki Hartford mwaka 1896. Alistahili heshima aliyopewa, maana aliwafanya wenye nguvu wasikilize. Hata hivyo kumsemea mtu si sawa na kumpisha aseme. Atakayemsoma Bibi Stowe na amsome Jacobs pia, ndipo atakapoujua utumwa kwa kinywa cha aliyeuonja.