Kitabu kilichomo ndani ya mashine: amri ya man ilitoka wapi, na nani aliiondoa

Jamani, wengi wetu hapa Kigali tunajifunza kompyuta kwenye mashine za kupewa. Tunashukuru, hatulalamiki. Ila mashine ya giga moja ya RAM haibebi Windows ya sasa, ndiyo maana kaka yetu mmoja kwenye kundi alituwekea Alpine Linux, mfumo mdogo kabisa. Ikawaka upesi, tukafurahi. Siku ya pili mega zikaisha. Tulitaka kunakili mafaili kwenda mashine nyingine kwa rsync, tukaandika "man rsync" kama alivyotufundisha. Mashine ikajibu kwamba man haipo. Google hakuna, man hakuna, tumekaa tunaangaliana.

Mega ziliporudi tukaanza kuuliza.

Man ni kifupi cha neno la Kiingereza la kitabu cha mwongozo. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwongozo wake wa kwanza una tarehe 3 Novemba 1971. Walitaka mashine mpya, PDP-11, na wakubwa hawakuwa na hamu ya kulipia mfumo mwingine wa kompyuta. Basi wakaahidi kitu kingine: mashine itapanga maandishi ya ofisi ya hataza ya kampuni. Wakaipata. Programu iliyofanya kazi hiyo iliitwa roff, na roff hiyohiyo ndiyo iliyopanga kurasa za mwongozo. Kwa maneno mengine, Unix ilipata mashine yake kwa kuahidi kuandika vizuri.

Kuna jambo tulilolipenda sana humo. Kila ukurasa ulikuwa na sehemu inaitwa BUGS, na mwandishi mwenyewe alitaja hapo kasoro za programu yake. Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wao, alikazania sana ubora wa mwongozo huo. Ukilazimika kuandika ubaya wa kazi yako hadharani, mara nyingi unarudi kuirekebisha kwanza!

Sasa, ukiandika man, kazi tatu zinafanyika. Ya kwanza ni kutafuta faili la ukurasa. Ya pili ni kulipanga, kwa sababu ndani faili hilo limejaa alama, mistari inayoanza na nukta kama .SH kwa ajili ya kichwa cha habari. Ya tatu ni kukuonyesha kioo kimoja kimoja. Hiyo ya tatu ni nyepesi: Daniel Halbert aliandika more huko Berkeley mwaka 1978, baadaye Mark Nudelman akaleta less, ambayo wengi wetu tunaitumia bila kujua.

Uzito uko kwenye kazi ya pili. Mwaka 1990 James Clark alitoa groff, toleo huria la roff, kwa lugha ya C++. Ni programu nzuri, inachapa hata vitabu vizima. Lakini kuitumia kusoma ukurasa mmoja kwenye kioo cheusi ni kama kukodi Fuso kubeba bidoni moja ya maji. Kwa hiyo waliotengeneza mifumo midogo, walipotafuta cha kupunguza, walianza na kitabu. BusyBox, iliyoanzishwa na Bruce Perens mwaka 1995 ili kisakinishi cha Debian kienee kwenye disketi moja, ina man yake ndogo, lakini hiyo inatafuta ukurasa tu; kupanga inamwachia mwingine, na huyo mwingine mara nyingi hayupo. Kwenye kompyuta kubwa za kampuni haiumi, intaneti ipo muda wote. Anayeumia ni mtu wa mega mia.

Mwaka 2008 Kristaps Dzonsons akaanza kuandika mandoc, kwa lugha ya C. Hakujaribu kuchapa vitabu. Alitaka kurasa za mwongozo zisomwe, basi. Watu wa OpenBSD wakaichukua, Ingo Schwarze akaiendeleza miaka mingi, na baada ya muda groff ikatoka kwenye mfumo wao. Alpine nayo inatumia mandoc, ila haiwekwi mpaka uiombe, na kurasa za kila programu zimetengwa kwenye pakiti yake. Za rsync ziko kwenye rsync-doc. Kumbe kitabu chetu kilikuwepo, kiliachwa tu mlangoni.

Hapa Rwanda jambo hili si geni. Tangu 2008 serikali iligawa laptopu za XO kwenye shule za msingi, zaidi ya laki mbili, zile za kijani na nyeupe. Ndani zilikuwa na Linux, na za mwanzo zilikuwa na RAM ya 256 MB na hifadhi ya 1 GB tu. Kwenye mashine kama hiyo kila faili linagombania nafasi, na kuna mtu ameamua libaki lipi.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapotuandalia mashine, kabla hazijaondoka kwenye intaneti yenu andikeni hii: apk add mandoc man-pages docs. Mashine ikiwa ndogo mno hata kwa hiyo, kurasa zinaweza kupangwa kwenye kompyuta nyingine: man rsync | col -b > rsync.txt, halafu mnazileta kwa flashi. Faili la maandishi matupu linasomeka popote.

Inabaki lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, lakini ile ilikuwa programu ya ofisi. Waliosoma Kifaransa Bujumbura au Bukavu wana pakiti ya manpages-fr kwenye Debian. Ya Kiswahili hatujaiona, kwa hiyo tumeanza wenyewe na ukurasa wa ls. Chini tumeweka sehemu ya BUGS kama wazee wa 1971. Kasoro ya kwanza tuliyoandika: bado tunabishana kama tuseme folda, saraka au dosie.