Tarehe ya Palmer House ya Sauk Centre

Hii ni habari ya Palmer House, hoteli ya matofali iliyo kwenye kona ya barabara kuu ya Sauk Centre, Minnesota.

Mahali hapo palitangulia Sauk Centre House, iliyojengwa mwaka 1863, mwaka mmoja baada ya vita vya Wadakota vilivyowafanya wakazi wajizungushie boma la magogo. Hiyo iliteketea kwa moto mwaka 1900. Ndipo R. L. Palmer akajenga mahali pale pale jengo la ghorofa tatu, nalo likaanza kupokea wageni mwaka 1901.

Palmer aliupa mji hadhi. Wazee husimulia kuwa hoteli yake ndiyo ya kwanza pale kuwaka taa za umeme, na watu wa mashambani walikuja kuzitazama tu. Mawakala wa biashara waliteremka kwenye treni na makasha ya sampuli, wakalala, wakala, wakawauzia wenye maduka, wakaendelea na safari kuvuka mbuga.

Hapa lazima nisimame, maana kuna dhuluma ya miaka mingi. Mwaka 1902 kijana wa miaka 17, Sinclair Lewis, mtoto wa daktari wa mji, alikuwa karani wa usiku hotelini. Wanasema akili yake ilikuwa vitabuni, si kwenye funguo za wageni, akaachishwa kazi. Mwaka 1920 akatoa riwaya ya Main Street, na ndani yake mna hoteli chafu iitwayo Minniemashie House. Watu wakakata shauri kuwa ndiyo Palmer. Nani aliyeisoma vizuri? Ile ya kitabuni ni ya mbao, rangi yake imefifia, na pembe zake zimebandikwa mbao za kuigiza mawe. Palmer ni matofali tangu msingi! Tena Lewis huyo huyo, miaka minne baada ya kupewa Tuzo ya Nobeli ya 1930, aliandika Work of Art, riwaya nzima ya kumtukuza mwenye hoteli kuwa msanii wa kweli kumpita nduguye mshairi. Aliyeijua kazi hiyo aliijulia wapi kwanza kama si kwenye meza ya Palmer?

Na kuna la ajabu. Waliolala humo wanaeleza nyayo za watu wasioonekana zikipita ukumbini usiku, na milango kujifunga bila mkono wa mtu. Chumba namba 17 ndicho kinachotajwa zaidi, na wapo wageni wanaokiomba hicho hicho.

Baada ya Palmer wakaja wenye hoteli wengine. Lewis alifariki Roma mwaka 1951, majivu yake yakazikwa nyumbani Sauk Centre. Mwaka 1982 Palmer House iliandikishwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Barabara inayopita ubavuni mwake sasa inaitwa Sinclair Lewis, lakini juu ya mlango jina ni la Palmer.