Miriam Makeba mwaka 1960

Miriam Makeba (4 Machi 1932 – 9 Novemba 2008) alikuwa mwimbaji wa Afrika Kusini aliyejulikana duniani kote kwa jina la heshima la "Mama Afrika". Makala hii inahusu mwaka 1960, mwaka uliobadilisha mwelekeo wa kazi na maisha yake. Katika mwaka huo aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, na albamu yake ya kwanza ya peke yake ilitolewa na kampuni ya RCA Victor. Katika mwaka huohuo alifiwa na mama yake, pasipoti yake ikafutwa, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa. Hakuikanyaga tena ardhi ya Afrika Kusini hadi mwaka 1990.

Kabla ya mwaka 1960

Makeba alizaliwa karibu na Johannesburg. Baba yake alikuwa Mxhosa, na mama yake, Christina, alikuwa Mswazi aliyefanya kazi za ndani na pia alikuwa mganga wa jadi. Miriam alipokuwa na umri wa siku 18 tu, mama yake alikamatwa kwa kosa la kupika pombe ya kienyeji ili apate fedha za matumizi. Alifungwa miezi sita, na mtoto alikaa naye gerezani.

Katika miaka ya 1950 Makeba aliimba na kundi la wanaume la Manhattan Brothers, kisha na kundi la wanawake la Skylarks. Nyimbo zao zilichanganya jazi ya Marekani na nyimbo za asili za Afrika Kusini. Mwaka 1959 aliigiza kama mhusika mkuu wa kike katika tamthilia ya muziki iliyoitwa King Kong, kuhusu bondia Mwafrika. Wakati huo alikuwa ameshajulikana sana katika vitongoji vya Waafrika.

Jambo lililomtoa nje ya nchi ni filamu ya Come Back, Africa ya mwongozaji Mmarekani Lionel Rogosin. Filamu hiyo ilipigwa kwa siri ili kuonyesha maisha ya Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi. Makeba anaonekana humo kwa dakika chache tu akiimba, lakini dakika hizo zilitosha. Mwaka 1959 alisafiri kwenda kwenye tamasha la filamu la Venice nchini Italia, kisha akaenda London, ambako alikutana na Harry Belafonte. Huyu alikuwa mwimbaji Mmarekani mwenye asili ya Jamaika, ambaye albamu yake ya Calypso ya mwaka 1956 ilikuwa imempatia umaarufu mkubwa. Belafonte alimsaidia kuingia Marekani na kumtafutia kazi. Makeba alimwita kaka yake mkubwa.

Tarehe 30 Novemba 1959 Makeba aliimba katika kipindi cha televisheni cha Steve Allen kilichotazamwa na mamilioni ya Wamarekani. Baada ya hapo alianza kuimba katika klabu ya Village Vanguard, New York. Binti yake wa pekee, Bongi, aliyezaliwa mwaka 1950, alibaki Afrika Kusini pamoja na bibi yake.

Muziki wa asili nchini Marekani

Makeba alifika Marekani wakati mzuri kwa mwimbaji wa aina yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wengi wa Marekani, hasa wanafunzi wa vyuo, walikuwa wameanza kupenda nyimbo za asili za kwao na za mataifa mengine. Tamasha la nyimbo za asili la Newport lilianzishwa mwaka huohuo wa 1959. Wasikilizaji hao hawakudai nyimbo za Kiingereza peke yake.

Wimbo mmoja wa Afrika Kusini ulikuwa umeshawafikia. Mwaka 1939 Solomon Linda na kundi lake walirekodi mjini Johannesburg wimbo wa Kizulu uitwao Mbube, yaani simba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la Weavers la Marekani liliurekodi kwa jina la Wimoweh, kwa sababu maneno ya Kizulu hayakusikika vizuri katika santuri. Kwa hiyo Wamarekani waliufahamu wimbo bila kuwafahamu wenyewe. Makeba alikuwa miongoni mwa Waafrika Kusini wa kwanza kuziimba nyimbo hizo mbele yao kwa lugha zake.

Sharpeville na pasipoti

Tarehe 21 Machi 1960, Waafrika walikusanyika mbele ya kituo cha polisi huko Sharpeville, kusini mwa Johannesburg. Walikuwa wanapinga sheria iliyomlazimisha kila Mwafrika kutembea na hati ya pasi. Polisi waliwafyatulia risasi, na watu 69 wakauawa. Siku chache baadaye serikali ya ubaguzi wa rangi, iliyozoeleka katika Kiswahili kama serikali ya Makaburu, ilitangaza hali ya hatari. Mwezi Aprili ilipiga marufuku vyama vya ANC na PAC.

Kwa Makeba habari hizo hazikuwa za magazetini tu, kwani ndugu zake wawili walikuwa miongoni mwa waliouawa. Muda mfupi baadaye alipata habari kwamba mama yake amefariki dunia. Alipotaka kusafiri kwenda kumzika, alikuta pasipoti yake ya Afrika Kusini imefutwa. Hakuweza kuhudhuria mazishi.

Ifahamike kwamba hadi wakati huo Makeba hakuwa mwanasiasa wala hakuwa ametoa hotuba yoyote dhidi ya serikali mbele ya mataifa. Alikuwa ameonekana katika filamu iliyoichukiza serikali, na alikuwa anaimba. Hakwenda uhamishoni kwa kutoroka. Aliondoka nyumbani kwa safari ya kazi, akiwa na nia ya kurudi, na akiwa safarini mlango ukafungwa nyuma yake.

Carnegie Hall

Tarehe 2 Mei 1960, wiki sita baada ya Sharpeville, Belafonte alifanya onyesho kubwa katika ukumbi wa Carnegie Hall. Aliwaalika jukwaani wasanii wengine, wakiwemo Makeba, mwimbaji Odetta na kundi la Chad Mitchell Trio. Onyesho lilirekodiwa na kutolewa mwaka huohuo kama albamu, Belafonte Returns to Carnegie Hall. Katika albamu hiyo Makeba anasikika akiimba One More Dance pamoja na Belafonte, na Qongqothwane peke yake.

Qongqothwane ni wimbo wa asili wa Waxhosa unaoimbwa hasa harusini. Jina lake ni la mdudu wa jamii ya mbawakawa anayegonga ardhi na kutoa mlio. Lugha ya Kixhosa ina konsonanti zinazoitwa vidoko, ambazo hutamkwa kwa kubandua ulimi kwa nguvu kutoka kwenye meno au kaakaa. Herufi q katika jina la wimbo ni mojawapo ya vidoko hivyo. Kwa kuwa wazungumzaji wa Kiingereza walishindwa kulitamka jina hilo, wimbo ulijulikana kwao kama The Click Song, yaani wimbo wa vidoko. Makeba alizoea kuwaeleza wasikilizaji kwamba vidoko si kelele za kuchekesha bali ni sehemu ya lugha yake. Maelezo hayo mafupi yalikuwa somo kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kusikia lugha yoyote ya Kiafrika.

Albamu ya kwanza

Albamu iliyoitwa kwa jina lake, Miriam Makeba, ilitolewa na RCA Victor mwaka 1960. Ina nyimbo 14. Nyingi ni za Afrika Kusini, zikiwemo Jikele Maweni, Qongqothwane, Lakutshn Ilanga na Mbube. Katika Mbube aliimba pamoja na Chad Mitchell Trio. Lakini albamu ina pia nyimbo za kutoka nchi nyingine: Suliram, wimbo wa kumbembeleza mtoto kutoka Indonesia; The Naughty Little Flea, wimbo wenye asili ya Jamaika; na House of the Rising Sun, wimbo wa asili wa Marekani. Mchanganyiko huo ulionyesha kwamba Makeba aliziweka nyimbo za nyumbani sawa na nyimbo za asili za mataifa mengine.

Albamu haikupata mauzo makubwa, na kwa upande wa fedha haikumfaidi mwimbaji. Makeba alikuwa bado amefungwa na mkataba wa kampuni ya Gallotone ya Afrika Kusini. RCA Victor iliilipa Gallotone dola 45,000 ili imwachie, na kutokana na mpango huo Makeba hakupata mirabaha ya albamu hiyo. Kwa hiyo mwaka uleule ambao nchi yake ilimnyima njia ya kurudi, kampuni ya nchi yake ilipokea fedha kwa ajili ya sauti yake.

Kuja kwa Bongi

Baada ya kifo cha mama yake, hofu kubwa ya Makeba ilikuwa binti yake. Mwezi Agosti 1960 Bongi alifika Marekani na kuungana na mama yake. Toka hapo Makeba hakuwa tena mgeni anayepita. Alikuwa mzazi anayelea mtoto ugenini, na ziara na rekodi zilikuwa njia yao ya kuishi. Bongi naye alikuja kuwa mwimbaji na mtunzi. Alifariki mwaka 1985 nchini Guinea.

Matokeo

Tamthilia ya King Kong ilipopelekwa London mwaka 1961, Makeba hakuwemo. Kwa upande mwingine, alizidi kusikika nje. Mwaka 1962 aliimba mjini New York katika sherehe ya kuzaliwa kwa Rais John F. Kennedy. Mwaka 1963 alizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia ubaguzi wa rangi. Serikali ya Afrika Kusini ilijibu kwa kumvua uraia na kupiga marufuku santuri zake.

Matukio haya mawili mara nyingi huchanganywa. Kufutwa kwa pasipoti kulitokea mwaka 1960 na kulimzuia kurudi. Kuvuliwa uraia kulitokea mwaka 1963, baada ya kusema hadharani. Mpangilio huu ni muhimu, kwa sababu unaonyesha kwamba adhabu ya kwanza ilitangulia hotuba.

Mwaka 1965 Makeba na Belafonte walitoa albamu An Evening with Belafonte/Makeba, ambayo ndani yake wanaimba wimbo wa Kiswahili Malaika. Albamu hiyo ilipata Tuzo ya Grammy mwaka 1966 katika kundi la nyimbo za asili. Kwa wasikilizaji wengi wa nje, ndiyo iliyowafanya wausikie wimbo wa Kiswahili kwa mara ya kwanza.

Baadaye nchi kadhaa zilimpa Makeba pasipoti zao ili aweze kusafiri, na kwa miaka mingi aliishi Guinea. Alirudi Afrika Kusini tarehe 10 Juni 1990, baada ya Nelson Mandela kuachiwa huru na kumwomba arudi. Mambo aliyoyakuta yakimsubiri ni pamoja na kaburi la mama yake, ambalo hakuwahi kulisimamia tangu mwaka 1960.