Unataka Kusoma HR na Umetoka Namoruputh? Hii Hapa Rada Yote

Wasee wengi wakiskia HR wanafikiria ni ule mtu wa ofisi anakuambia "tutakupigia" na simu hailii hadi leo. Kama uko Namoruputh, Lodwar ama Kakuma na unataka kujaza hii kozi kwa KUCCPS, tulia kwanza usome hii. Hiyo mboka ni kubwa kuliko vile inakaa, na Turkana tumeshaona kile hutokea watu wakiona uajiri hauko fiti.

Kumbuka mambo ya mafuta

2012 kampuni ya Tullow ilipata mafuta kwa kisima cha Ngamia-1. Oktoba 2013 wakaazi wakaandamana wakidai kazi na tenda, na kampuni ikasimamisha shughuli zake kwa muda. Shida haikuwa mitambo. Watu walitaka kujua nani anaandikwa, nani anaambiwa nafasi imetokea, na nani anaamua. Hayo maswali matatu ndiyo HR.

Utasoma nini?

Digrii ni miaka 4. Utafunzwa kutafuta na kuchagua wafanyakazi, kuwafunza, kupanga mishahara, kutatua ugomvi kazini na sheria za kazi. Hesabu pia iko: PAYE, NSSF, SHIF ya asilimia 2.75 na ile ya nyumba ya asilimia 1.5, zote zinapitia kwa peislipu unayoandaa wewe.

Sheria ndiyo inabeba wengi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, mama aliyejifungua miezi 3 na baba wiki 2, zote na mshahara. Kifungu cha 41 kinasema kabla mdosi amfute mtu kwa makosa ama kazi mbaya, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoelewa, mwenzake akiwepo, kisha amskize. Sasa fikiria mlinzi wa usiku anayeelewa Kiturkana peke yake. Kumrushia barua ya Kizungu na kumwambia aende nyumbani haitoshi. Mtu wa kuzuia hiyo ni wewe.

Kuingia je?

Digrii inataka angalau C+ kwa KCSE, na chuo kinaweza kuongeza masharti ya masomo fulani. Ukiwa na C- unaweza kuanza na diploma halafu upande. Kama mzazi hana doh, omba HELB mapema.

JKUAT ya Juja ina digrii ya HR yenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi, unaweza kupitia Bachelor of Commerce ukachagua HR. Hapo Lodwar kuna Turkana University College, iliyoanza kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro. Angalia kwa tovuti ya KUCCPS ni kozi gani ziko mwaka wako kabla ujaze.

Digrii peke yake haitoshi

Hapa ndipo wengi huchomeka. Tangu sheria ya wataalamu wa HR ya 2012, hii ni taaluma kama uhasibu: kuna mitihani ya CHRP, usajili kwa taasisi ya IHRM, na cheti cha kufanyia kazi. Panga hiyo ganji na huo muda kuanzia sasa, usingoje gredi ndio ushtuke.

Mboka iko wapi?

Kwanza ni kaunti. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ndiyo inaandika watu. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya hiyo kaunti. Kuieleza hiyo kwa kijana wa Loima amesota miaka mitatu si rahisi, lakini ni kazi yako.

Pili ni Kakuma, kambi iliyoanza 1992, na Kalobeyei iliyo karibu nayo. Mashirika huko yana watu wa kandarasi na pia wakimbizi wanaolipwa insentivu, ambayo iko chini sana ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi inayofanana. Malalamiko hayo yatafika kwa meza yako.

2025 Marekani ilipokata misaada, watu wengi wa mashirika walipoteza kazi. Kifungu cha 40 kinasema mtu akipunguzwa hivyo, apewe notisi ya angalau mwezi mmoja na alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya. Aliyefanya miaka 4 anadai siku 60. HR asiyejua hiyo hesabu anamrudisha mtu Namoruputh mikono mitupu.

Kabla ujaze fomu

Ongea na mtu wa HR kwa ofisi yoyote Lodwar, umuulize siku yake huenda aje. Ukishaingia chuo, tafuta atachi kuanzia mwaka wa pili. Na kama kuna msee anakuitisha chapaa ndio jina lako liingie kwa orodha ya intavyu, huyo si HR, ni mwizi. Usitume.