Usafiri mjini Venezia

Usafiri mjini Venezia (pia: Venisi) hufanyika kwa miguu na kwa vyombo vya majini. Mji huo wa Italia ya kaskazini-mashariki, ambao ni makao makuu ya mkoa wa Veneto, ulijengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 katika wangwa, yaani eneo la maji yenye kina kidogo lililotengwa na Bahari ya Adria kwa visiwa vyembamba vya mchanga. Visiwa vya mji vimeunganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Katika mji wa kale hakuna magari wala pikipiki, na hata kuendesha baiskeli ni marufuku. Mwaka 1987 mji pamoja na wangwa wake uliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kufika

Hadi mwaka 1846 Venezia ilifikiwa kwa chombo cha majini tu. Mwaka huo daraja la reli lilikamilika, na mwaka 1933 daraja la barabara lilifunguliwa kando yake. Treni huishia kituo cha Santa Lucia. Abiria akitoka nje anakuta Mfereji Mkuu (kwa Kiitalia: Canal Grande) mbele ya ngazi. Mabasi na magari huishia uwanja wa Piazzale Roma, jirani na kituo hicho. Uwanja wa ndege wa Marco Polo uko bara, ukingoni mwa wangwa, na kutoka huko msafiri huchagua basi au boti.

Kutembea kwa miguu

Mji wa kale si mkubwa. Mtu anayeijua njia hutembea kutoka Santa Lucia hadi uwanja wa San Marco kwa muda usiofika saa moja. Mgeni huchukua muda zaidi, kwa sababu vichochoro hupinda na vingine huishia majini bila onyo. Vibao vilivyobandikwa ukutani vinavyoelekeza Rialto, San Marco, Accademia na kituo cha reli husaidia.

Majina ya mitaa yana msamiati wake. Kichochoro huitwa calle, uwanja huitwa campo, mfereji mdogo ni rio, na njia iendayo kando ya mfereji ni fondamenta. Rio terà ni mfereji wa zamani uliofukiwa ukawa njia. Jina piazza hutumika kwa uwanja wa San Marco.

Mji umegawiwa katika sehemu sita ziitwazo sestieri: Cannaregio, Castello, Dorsoduro, San Marco, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hufuata sehemu nzima, si mtaa. Katika Castello namba hizo hupita 6,000, kwa hiyo anwani yenye jina la sehemu na namba peke yake haimsaidii sana mgeni; ni afadhali aulize pia jina la kichochoro au la kanisa lililo karibu.

Karibu kila daraja lina ngazi. Hili ni jambo dogo kwa kijana asiye na mzigo, lakini ni kizuizi kikubwa kwa wazee, kwa wazazi wenye vigari vya watoto na kwa watu wanaotumia viti vya magurudumu. Kwao boti za umma ndiyo njia bora ya kutoka sehemu moja hadi nyingine. Wachukuzi wa Venezia hutumia mikokoteni yenye magurudumu madogo ya ziada upande wa mbele, ili iweze kupandishwa ngazi.

Vyombo vya majini

Boti ya umma huitwa vaporetto, maana yake "meli ndogo ya mvuke", ingawa mvuke haitumiki tena. Boti hizo zilianza kazi mwaka 1881, na wapiga makasia wa gondola waligoma kwa kuhofia riziki yao. Njia namba 1 hufuata Mfereji Mkuu wenye urefu wa kilomita 3.8 hivi na kusimama kwenye gati nyingi. Njia nyingine hufika visiwa vya Murano, maarufu kwa vioo, Burano na Lido. Kisiwa cha Lido kina barabara, magari na mabasi. Shanga za kioo kutoka Venezia zilifika mbali zaidi: katika karne ya 19 zilikuwa bidhaa ya biashara kutoka Zanzibar hadi bara la Afrika ya Mashariki.

Mfereji Mkuu una madaraja manne tu: Rialto (lililojengwa 1588-1591), Accademia, Scalzi na Costituzione (2008). Palipo mbali na madaraja hayo watu huvushwa kwa traghetto, gondola kubwa isiyo na mapambo inayopigwa makasia na watu wawili. Wenyeji wengi huvuka wakiwa wamesimama. Nauli yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya gondola ya kawaida, ambayo siku hizi hukodiwa hasa na watalii kwa bei iliyopangwa na mji.

Gondola ina urefu wa mita 11 hivi na huendeshwa kwa kasia moja. Upande wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia. Bila hivyo, chombo kinachosukumwa kwa kasia la upande mmoja kingezunguka badala ya kwenda mbele.

Kazi nyingine zote za mji hufanyika majini vilevile. Wagonjwa, wazima moto, polisi, takataka, saruji na mboga hubebwa kwa boti, na maiti hupelekwa kwa boti kwenye kisiwa cha makaburi cha San Michele. Mawimbi ya injini hula misingi ya majengo, kwa hiyo mwendo hupunguzwa kwa sheria.

Maji kujaa

Maji ya wangwa hujaa na kupwa kila siku. Yakijaa kupita kiasi, hasa kuanzia vuli hadi mwanzo wa mwaka, huitwa acqua alta. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194 juu ya kipimo cha kawaida cha mji, na Novemba 2019 yalifika sentimita 187. Wakati huo watu hupita juu ya majukwaa ya mbao, na baadhi ya boti hubadilishiwa njia kwa sababu haziwezi kupita chini ya madaraja.

Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya chuma ya mradi wa MOSE huinuliwa kwenye milango mitatu ya wangwa ili kuzuia bahari. Milango ikifungwa, meli husubiri.

Wakazi na wageni

Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi 175,000 hivi. Tangu mwaka 2022 wamepungua chini ya 50,000. Wengi wamehamia bara, huku nyumba nyingi zikipangishwa kwa watalii, ambao hujaza boti zilezile ambazo wakazi huzitumia kwenda kazini, shuleni na hospitalini. Wakazi hulipa nauli ndogo zaidi.

Mwaka 2021 serikali ya Italia ilikataza meli kubwa za watalii kupita mbele ya San Marco. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 wageni wa kutwa hulipa ada ya kuingia kwa siku fulani zilizotangazwa. Wanaolala mjini hawailipi, kwa kuwa wanatozwa kodi ya malazi. Wapinzani wa ada hiyo wanasema haipunguzi umati na inaufanya mji uonekane kama makumbusho yenye mlango wa tiketi. Karibu na daraja la Rialto duka moja la dawa huonyesha dirishani, tangu mwaka 2008, idadi ya wakazi waliobaki.