Kichocho, mzio na chembe za kinga Unguja

Katika vijiji vya Unguja kama Kinyasini na Chaani, mtoto kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi. Chanzo ni kichocho, ugonjwa unaoletwa na mnyoo uliogunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mayai yake hutoka na mkojo, huanguliwa majini, na kiluwiluwi hukulia ndani ya konokono wa Bulinus kabla ya kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima mpunga. Kusini mwa kisiwa, kwenye ardhi ya matumbawe, ugonjwa haukushika, kwani konokono wa huko hawaupokei mnyoo huo. Hivyo wachuuzi wawili wa soko la Mwanakwerekwe, mmoja mzaliwa wa Makunduchi na mwingine wa Chaani, waliweza kuuza kwenye meza moja ilhali miili yao imelelewa na maji tofauti kabisa.

Mnyoo huishi miaka mingi kwenye mishipa ya kibofu, nao hudumu kwa kuituliza kinga ya mwenyeji. Mwaka 2000 utafiti wa Gabon ulionyesha kuwa ngozi za watoto wenye kichocho hazikuwashwa sana na utitiri wa vumbi, mmoja wa wachochezi wakuu wa pumu. Mwaka 2004 ikaonekana kuwa, baada ya kutibiwa minyoo, mzio huo uliongezeka.

Siri moja ya utulizaji huo imo katika namna chembe za kinga zinavyojipatia nguvu. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg aliona kuwa chembe za saratani huchachusha sukari kwa kasi hata oksijeni ikiwa tele. Baadaye ilibainika kuwa chembe za kinga ziitwazo chembe T, zinapoamka kupambana, zikiwemo zinazochochea mzio, nazo huigeukia sukari. Zile zinazotuliza kinga hutegemea zaidi mafuta. Kichocho huziongeza hizo za kutuliza.

Kuanzia mwaka 2012 Zanzibar iligawa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, ikapambana na konokono na kuelimisha wanafunzi. Ilikuwa kazi ya lazima, kwani kichocho huharibu kibofu na figo. Hofu ya mzio ilibaki: Entebbe, Uganda, watoto ambao mama zao walipewa dawa ya minyoo ya albendazoli wakiwa wajawazito walipata pumu ya ngozi zaidi. Lakini katika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, dawa za minyoo zilizotolewa mara nyingi kwa jamii nzima hazikuongeza mzio wala kifua kutoa mlio.